Mvua ya Jimbo, Upepo wa Washington

Mvua ya mawe ilidumu dakika kumi na moja. Rosina Wasinger alizihesabu kwa saa ya ukutani, maana mtu akitazama ngano yake ikipigwa wiki moja kabla ya kuvunwa, ama ahesabu kitu ama alie, na kilio hakijawahi kumfaidi mtu isipokuwa muuza leso.

Mumewe Alvin alisimama mlangoni na mkongojo wake, nyonga yake mpya ya chuma ikimsumbua kwa unyevu. Alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi." Alvin alikuwa mtu wa neno moja. Ukipata mawili ujue ni sikukuu.

Mbingu ilipotulia, Rosina alifanya wanalofanya wanawake wote wa kijiji cha Marental. Alivaa mabuti, akachukua kopo tupu la aiskrimu, akaokota mawe yale ya barafu, makubwa makubwa, mengine kama mayai ya kuku anayeanza kutaga. Akaandika tarehe juu ya kifuniko, akalitia kopo ndani ya friza baina ya soseji na maharage. Huko nyumba ya mkulima isiyo na mvua ya mawe ndani ya friza ni nyumba ya mtu aliyehamia juzi.

Shamba lililopigwa halikuwa lao. Lilikuwa la akina Befort, dada wawili wazee waliokwenda kuishi mjini na kuanza kuogopa vumbi. Ekari mia tatu na ishirini, na Alvin alikuwa amezilima miaka thelathini na minane kwa kodi. Lao wenyewe lilikuwa robo ya hilo tu, la kumtosha mtu kufa nalo lakini si kuishi nalo. Dada wale walikuwa wamekwisha kusema: ikifika tarehe kumi na tano Septemba bila nusu ya kodi mezani, ardhi wanampa Kessler, mwenye kombaini sita na shingo nene. Kwa hiyo bima ikilipa, Alvin atapanda ngano mwezi wa kumi. Isipolipa, atakaa dirishani akimtazama Kessler akipanda.

Bima walikuwa nayo. Walikuwa nazo mbili, na hapo ndipo palipokuwa na mkia wa nyoka.

*

Wakala wao alikuwa Gary Stecklein, ambaye Rosina ndiye aliyemshika siku ya ubatizo, na mpaka leo alisema mtoto yule alilia kwa namna ya mtu mwenye kuficha jambo. Kila masika Gary alikuja na makaratasi, akanywa kahawa, akala mikate mitatu ya kabichi na nyama, akaonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Miaka minne nyuma alikuwa ameonyesha mahali papya. Bima kubwa ya mazao, alieleza, ni ya serikali kuu ya Washington, ingawa kampuni ndiyo inayoiuza. Inafidia hasara ya ukame, upepo, mafuriko, wadudu, kila balaa la Misri. Mvua ya mawe pia imo, lakini ukiitoa humo, bei inashuka. Kisha unanunua bima ndogo ya mvua ya mawe peke yake, ambayo ni ya kampuni, chini ya sheria za jimbo. Parokia nzima wamefanya hivyo.

"Kampuni ni ileile?" Rosina aliuliza siku ile.

"Ileile, mama wa ubatizo. Nembo ileile, wakala yuleyule mzuri wa sura."

Basi Alvin akatia sahihi. Hivyo ndivyo mbingu ilivyogawanywa juu ya Marental: barafu ikiwa ya jimbo, na upepo ukiwa wa Washington. Hakuna aliyewaambia mawingu.

Siku ya tano baada ya mawe, kampuni ilimleta mkadiriaji hasara, Bwana Pruett. Alikuwa mtu mwembamba, safi, mwenye viatu visivyowahi kukutana na ng'ombe. Alitembea shambani dakika arobaini. Alihesabu mashina yaliyovunjika, akahesabu yaliyolala, akapiga picha, akarudi kuegemea boneti ya pikapu yake na kuandika. Rosina alimwona akiandika fomu ya bluu, halafu ya njano. Akamletea kahawa. Akamletea na kopo.

"Haya ni mawe ya siku ile," alisema. "Tarehe iko juu."

Bwana Pruett alilitazama kopo kama mtu aliyeonyeshwa jino la mtu mwingine. "Mama, sina njia ya kujua yameanguka wapi."

"Yameanguka pale unapokanyaga."

"Huenda. Au yametoka kwenye friza ya jirani."

Alvin akakohoa. Rosina akalifunika kopo polepole. Miaka hamsini ya kuishi kati ya watu wa Marental, alikuwa ameitwa mbishi, bahili na mchokozi, na yote aliyakubali. Mwizi wa barafu ndiyo mara ya kwanza kuitwa. Alichukua kikombe cha Bwana Pruett, akarudi jikoni akamimina kahawa kwenye sinki, yote, ingawa ilikuwa bado ya moto.

*

Bahasha mbili zilifika siku moja ya Julai, nembo moja, stempu moja. Rosina alizifungua kwa kisu cha mboga.

Ya kwanza ilihusu bima ya mvua ya mawe, ile ya jimbo. Ilisema kwamba kwa mujibu wa uchunguzi wa Bwana Pruett, ngano ya Alvin Wasinger iliharibiwa na upepo. Mvua ya mawe haikuwa na sehemu. Dai limekataliwa.

Ya pili ilihusu bima kubwa, ile ya Washington. Ilisema kwamba kwa mujibu wa uchunguzi wa Bwana Pruett, ngano ya Alvin Wasinger iliharibiwa na mvua ya mawe, ambayo mwenye bima aliiondoa kwa hiari yake. Upepo haukuwa na sehemu. Dai limekataliwa.

Nyuma ya kila barua palibanwa ripoti ya Bwana Pruett. Tarehe ya uchunguzi ilikuwa moja. Saa ilikuwa moja. Sahihi ilikuwa moja, yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho, kama mtu aliyefurahi kumaliza kazi.

Rosina aliziweka sambamba juu ya meza, akamwita Alvin. Alvin alisoma ya kulia, akasoma ya kushoto, akarudia ya kulia. Kisha akavua miwani na kuifuta, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Gary aliitwa. Alikuja bila hamu ya kula, na hilo peke yake lilimtisha Rosina. Alisema anaelewa maumivu yao. Alisema kila dai hutazamwa kwa mkataba wake, na mikataba ni miwili, na hakuna sheria inayosema fomu moja ijue iliyoandikwa kwenye nyingine.

"Gary," Rosina alisema, "ulisomeshwa katekisimu na masista. Kitu kimoja kinaweza kuwa kweli na uongo saa ileile?"

"Kwenye bima, mama wa ubatizo, mambo ni..." Akaokota kofia yake. "Si nyinyi peke yenu. Mko nyumba kumi na mbili ukanda huu. Wenzenu wamekubali."

"Wamekubali au wamenyamaza?"

Gary alisema anayo ibada ya kuimba, akaondoka. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne kanisa halina ibada.

*

Mwezi Agosti walikwenda mji mkuu wa jimbo, saa nne za njia, Rosina akiendesha na Alvin akishika sanduku la barafu magotini, kopo likiwa ndani. Ofisi ya jimbo ya kusimamia bima ilikuwa kwenye jengo lenye vioo. Mlinzi aliuliza ndani ya sanduku mna nini. Rosina alisema ushahidi. Mlinzi alifungua, akachungulia, akaita mlinzi mwingine naye achungulie, wakacheka kidogo. Wakamwambia Alvin avue mkanda kwa ajili ya ile nyonga yake ya chuma iliyoifanya mashine ya mlangoni ipige kelele. Mzee wa miaka sabini na moja akasimama mbele ya watu akishikilia suruali yake kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mwingine.

Walikaa saa moja na nusu. Aliyewapokea alikuwa Bi Okerlund, mwanamke wa makamo mwenye sweta wakati wa joto. Alisoma barua ya kwanza kwa makini kweli, Rosina hakuweza kumnyima hilo. Aliandika maelezo. Alisema jimbo linaweza kuiuliza kampuni kwa nini ilisema upepo.

"Kwa nini isiwe kwa sababu ni waongo?" Rosina akasukuma barua ya pili mezani. "Hii hapa. Mtu yuleyule, saa ileile, anasema mawe."

Bi Okerlund aliirudisha barua kwa ncha ya penseli, bila kuigusa, kama inayoambukiza. "Hiyo ni bima ya serikali kuu. Sina mamlaka juu yake, mama. Siwezi kuiingiza kwenye faili."

"Sikuombi uiingize. Isome tu."

"Nikiisoma, itabidi nifanye kana kwamba sijaisoma."

Alvin akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, je, ni nani mwenye kuzisoma zote mbili. Bi Okerlund alifikiri. Sura yake ilikuwa ya mtu mwema aliyetafuta ndani ya mfuko wake akakuta ni mtupu. Alisema ofisi ya Washington iko mtaa wa tano kutoka hapo, wajaribu.

Walikula mikate yao ndani ya gari, wakavuka mitaa mitano. Kule ofisi ilikuwa ndogo, yenye bendera kubwa. Bwana Tatum, kijana mwenye tai, alisoma barua ya pili. Akakubali kuwa imeandikwa vizuri. Kama mkataba hauna mvua ya mawe, na mkadiriaji amesema ni mvua ya mawe, basi serikali kuu haina la kuongeza.

"Amesema pia ni upepo," Rosina akasema, akimpa ile ya kwanza.

Bwana Tatum akaweka mikono yake miwili hewani, vidole vikitazama dari, kama mtu aliyenyooshewa bunduki. "Hiyo ni ya jimbo. Sheria ya siku nyingi: bima za kawaida ni za majimbo. Sisi hatuingii humo."

"Mwanangu, mimi nimetoka humo sasa hivi. Hawaingii huku."

"Naam. Ndivyo ilivyopangwa."

Rosina alifungua sanduku la barafu, akafungua kopo. Safari ilikuwa imekwisha kuyala mawe. Yaliyobaki yalikuwa madogo kama punje za mahindi, yakielea. "Basi niambie, haya ni ya nani? Ya jimbo au ya Washington? Nijue pa kuyamwaga."

Bwana Tatum hakucheka. Alikuwa amekwisha kuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, na pale, sauti yake ikiwa chini, alisema jambo la pekee lililokuwa na maana siku nzima. "Mama, mimi siruhusiwi kusoma ule mkataba wa jimbo. Lakini wewe hakuna anayekukataza. Umewahi kuusoma wote?"

Rosina alikuwa na jibu la kukata, lakini ukweli ulimzuia. Hakuwahi.

*

Aliusoma siku tatu, kwa kioo cha kukuzia herufi, baada ya kuosha vyombo. Kurasa ishirini na sita. Nyingine zilimpa usingizi, nyingine zilimpa hasira, na hasira ikamwondolea usingizi. Ukurasa wa kumi na tisa alikuta kifungu kilichosema kwamba mwenye bima na kampuni wasipokubaliana, kila upande utateua mthamini mmoja, mtu hodari na asiyeegemea upande, na hao wawili watachagua mwamuzi. Uamuzi wao unafunga wote.

Alimsomea Alvin. Alvin akasema wampe kazi Leo Brungardt, anayeijua ngano kuliko anavyomjua mama yake. Au profesa wa chuo cha kilimo.

"Watasema Leo ni jirani. Watasema profesa ametokea vitabuni," Rosina alisema. Alizungusha kioo mkononi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani ambacho Alvin alikiogopa tangu siku za uchumba.

Barua aliandika mwenyewe, Alvin akatia sahihi. Ilikuwa fupi. Ilisema: sisi hatukubaliani na kampuni. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mthamini wetu tunamteua Bwana Pruett. Tumeambatisha ripoti yake ya tarehe kumi na nne Juni, ile ya bima ya Washington, iliyotiwa sahihi, inayosema kwamba ngano yetu iliharibiwa na mvua ya mawe, yote, na upepo haukuwa na sehemu. Sisi tunamwamini.

Siku sita baadaye simu ililia. Alikuwa Bi Lindquist, kutoka makao makuu ya kampuni, sauti laini kama siagi iliyoachwa nje. Alisema amefurahi kuongea naye. Alisema kumekuwa na mkanganyiko. Bwana Pruett hawezi kuwa mthamini wao, kwa kuwa ni mtu wa kampuni.

"Mimi simlalamikii kwa hilo," Rosina alisema.

"Lakini kifungu kinataka mtu asiyeegemea upande."

"Ala. Kwa hiyo anaegemea upande?"

Upande wa pili karatasi zikapekuliwa.

"Sikusema hivyo, mama."

"Basi labda si hodari. Sema lolote kati ya hayo mawili, mama, mimi sichagui. Ila niandikie kwenye karatasi yenye nembo, maana nina watu wawili mji mkuu wanaopenda sana kusoma, kila mmoja kipande chake."

Bi Lindquist aliomba muda. Muda aliupata: siku nne. Ilikuwa tarehe kumi Septemba alipopiga tena. Kampuni, kwa kuthamini uhusiano wa miaka mingi, na bila kukiri kosa lolote, ingelipa dola elfu thelathini na saba, kufunga madai yote mawili. Hasara ilikuwa elfu sitini na mbili. Masharti ni kwamba kiasi kilicholipwa kisitajwe kwa mtu yeyote. Wasipokubali, wathamini watateuliwa upya, na mwamuzi atafutwe, na kwa uzoefu wake jambo hilo hufika Krismasi.

Rosina alifunika simu kwa kiganja. Nje ya dirisha, shamba la akina Befort lilikuwa tupu, mabua ya ngano iliyokufa yamegeuka kijivu. Zilibaki siku tano.

"Wanatunyonga kwa kalenda," alimwambia Alvin. "Tukingoja haki yote, Kessler yumo. Elfu ishirini na tano wanatuibia mchana, na wanataka tuseme asante."

Alvin alitazama shamba muda mrefu. Alikuwa amelianza akiwa na miaka thelathini na mitatu na nywele. "Chukua," alisema. Halafu, kama sikukuu, akaongeza, "Mke wangu. Tafadhali."

Akachukua. Hundi ilikuja tarehe kumi na tatu, na tarehe kumi na nne akina Befort walipata nusu ya kodi yao, wakaihesabu mara mbili wakilalamika vumbi la viatu. Rosina hakulala vizuri usiku ule wala uliofuata. Hakuzoea kushinda na huku mkono wa mtu bado uko mfukoni mwake.

Kisha ikaja barua ya ofisi ya jimbo. Ilimjulisha kwamba faili lake limefungwa, kwa kuwa limemalizika kwa kuridhika kwa mteja.

Alisoma neno lile, kuridhika, akavaa koti.

*

Wanawake wa parokia walikuwa ukumbini wakikata tambi za karamu ya vuli, unga mpaka kwenye nyusi. Katika meza ile palikuwa na wanawake wa nyumba kumi na moja zilizopigwa na mawe yaleyale, na barua mbilimbili zikiwa kwenye droo zao, wakiamini kwamba ndivyo Mungu na bima wanavyotenda. Wengine walikuwa wameona aibu hata kusimulia. Hilda Goetz alidhani ni kwa sababu mumewe alikosea kujaza fomu. Philomena Rohr alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe sita.

Rosina alichukua kisu, akaanza kukata. Wakamuuliza, kweli wamelipwa. Akasema amelipwa. Wakamuuliza kiasi gani.

"Hicho nimekatazwa kutaja," alisema, "na mimi ni mtu wa kutii." Akakunja unga, akaukata. "Lakini jinsi nilivyolipwa hakuna aliyenikataza. Hilda, una zile barua zako? Zote mbili?"

Aliongea saa nzima, na tambi za meza ile zilitoka nene nyembamba, kila moja na umbo lake. Walipomaliza, Philomena Rohr aliosha mikono, akaomba kalamu.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa tatu asubuhi, Gary Stecklein alimpigia Rosina simu. Alikuwa anahema. Alisema makao makuu wamempigia mara nne. Alisema wamepokea barua kumi na moja, zote za maneno yaleyale, za miandiko kumi na moja, na ya Hilda Goetz ilikuwa na unga.

"Mama wa ubatizo, nakuomba, ongea nao. Bwana Pruett ni mtu mmoja tu. Hawezi kuteuliwa na parokia nzima."

"Ajabu," Rosina alisema, akiminya simu kwa bega ili apate kumimina kahawa ya Alvin. "Kwenye karatasi zangu alikuwa wawili, na wote wawili walitia sahihi."